Bubu Ashike Usukani

Kijiji cha Ujamaa Mkuyuni,
kwa njia ya Posta Kigoma.
9 Machi 1975

Mpwa wangu Lukas,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo sote. Mvua ni nyingi, mihogo imeota, na nyumba tuliyojengewa kwenye Operesheni haivuji ila kwenye kona ninayolala mimi. Binti yangu Bibiana anafundisha elimu ya watu wazima chini ya paa la kanisa, wanafunzi wake wana wajukuu. Mkeo Rozalia amefikisha miezi mitatu. Tangu ulipoondoka baada ya Krismasi sijamruhusu kubeba ndoo, na anakasirika kweli kweli. Baada ya kumpoteza yule wa kwanza, safari hii tutamwangalia kama yai.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka mashua ya tanga aliyoiacha yule Mbelgiji daktari wa meno alipokimbia Kongo mwaka wa sitini. Sasa ni mali ya kijiji, inaitwa Juhudi, nami ndiye nahodha. Ndiyo inayopeleka wagonjwa na barua Kigoma na kurudi, kila majuma mawili. Unamkumbuka na Bubu, ile mashine ya shaba iliyo nyuma, inayoshika usukani yenyewe bila kusema neno. Dira yake ya zamani imepasuka kioo na kuvuja, kwa hiyo Bubu hajui tena aende wapi. Wageni wa misaada wametuletea vyombo vipya katika sanduku: dira ya umeme, kipima upepo na kipima kina. Walipiga picha wakaondoka. Nataka dira hiyo mpya iunganishwe na Bubu wetu mzee.

Kitabu chake ni cha Kiingereza. Nimekifunga humu. Wewe unayejifunza umeme kwenye karakana ya bandarini, tusomee, ututafsirie kidogo kidogo. Kitabu ni kimoja tu, usikipoteze.

Usiniulize kwa nini nahodha wa miaka thelathini anataka mashine imshikie usukani. Nimechoka mabega.

Mimi mjomba wako,
Filemoni

* * *

Dar es Salaam
6 Aprili 1975

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Nashukuru kusikia habari za Rozalia, nami naomba aendelee kunyimwa ndoo. Hapa tunalala sita chumba kimoja. Mmoja ni Msukuma anayekoroma, na kila usiku tunapiga kura nani akamgeuze.

Kitabu kimefika salama. Barua yako niliisoma kwa shida kidogo, mistari ilikuwa imepanda juu na mingine kukanyagana. Nadhani uliandikia magotini.

Nimesoma kurasa tano za kwanza. Jambo kubwa ni hili: Bubu anakula umeme wa betri mbili, lakini dira mpya inakula wa betri moja. Ukiipa mbili itaungua hapo hapo, na hakuna fundi Tanzania nzima wa kuifufua. Kwa hiyo dira iwe na betri yake peke yake. Zipimwe kwanza, halafu uniandikie.

Fundi wetu mkuu ananicheka kuwa nafundisha mashua iliyo mbali maili mia saba. Namwambia mashua hiyo ina mjomba ndani yake.

Mabega yanaendeleaje? Naomba uniambie kama kuna lolote linalohitajika kutoka huku, dawa au chochote.

Mtoto wako,
Lukas

* * *

Mkuyuni
11 Mei 1975

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Utaona mwandiko si wangu. Ni wa Bibiana. Kamba ya tanga ilinikata kidole, nikaona heri niseme yeye aandike. Ndivyo tutakavyofanya kwa sasa.

Habari za huku ni njema. Mwenyekiti wetu Gervasi ametuletea kaya kumi na mbili kutoka milimani, Waha wakulima ambao hawajawahi kukaa karibu na ziwa. Asubuhi wanakuja ufukweni kusalimiana mwidiwe, mwidiwe, na kuyatazama maji kwa mbali. Mmoja wao, Bonifasi, nimepewa awe msaidizi wangu mashuani. Ana nguvu na heshima, na anatapika tangu tunapong'oa nanga mpaka tunapoishusha. Kijana aliyekuwa akinisaidia zamani amepelekwa Jeshi la Kujenga Taifa.

Betri ziko tatu, zote nzima. Endelea na kitabu. Gervasi anataka siku ya Saba Saba wageni waone mashua ya kijiji ikijiendesha yenyewe, ili ionekane na sisi tuna maendeleo. Mimi nina haja yangu nyingine, lakini haja hizo mbili zinakwenda njia moja. Fanya haraka kidogo.

Dawa sihitaji. Mabega hayana dawa.

Filemoni

Na mimi mwandishi nakusalimu, kaka Lukas. Baba hajambo kwa mambo mengine yote. Bibiana.

* * *

Dar es Salaam
8 Juni 1975

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Msalimie Bibiana, na mwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wa karani wetu. Nimempelekea Rozalia vitenge viwili na sabuni kwa mkono wa mtu wa reli. Ananiandikia kila kitu, mpaka idadi ya mayai. Lakini nikimwuliza habari zako hujibu kwamba Mjomba hajambo, basi, anaruka kwenda kwenye mayai. Nami sitaki kuuliza zaidi.

Sasa uunganishaji. Dira mpya ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni uso wake, wenye mshale na namba. Huo utaukaza mbele ya usukani. Sehemu ya pili ni kisanduku cheusi chenye ukubwa wa tofali, kinachounganishwa na uso kwa waya mrefu. Kitabu kinasema kisanduku kikae chini, mahali pakavu, pasipopigwa na miguu. Nimefikiria mashua yote kichwani, nikaona pazuri ni ndani ya kiti cha nyuma, kile chenye mfuniko na kufuli.

Kutoka kwenye uso zinatoka nyaya tatu kwenda kwa Bubu. Ubavuni mwa Bubu kuna matundu matatu. Waya mwekundu uingie penye herufi G, ndiyo kushoto kwa Kifaransa chao. Wa kijani uingie penye D, ndiyo kulia. Mweusi uingie tundu la katikati lisilo na herufi. Mkibadilisha mwekundu na wa kijani Bubu atageuza mashua upande usiotakiwa, mtaliona hilo mara moja.

Kipima upepo na kipima kina viacheni. Bubu hana masikio ya kuvisikia, ni mashine ya zamani mno.

Ukurasa wa kumi na nne na wa kumi na tano nimeziacha. Ni mambo ya jumla ya kutunza dira, ambayo wewe uliyajua kabla mimi sijazaliwa. Ningeona haya kukuandikia.

Naomba utakapojaribu mashine iwe mchana, na milima ionekane.

Mtoto wako,
Lukas

* * *

Mkuyuni
20 Julai 1975

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Rozalia yuko salama, tumbo linamtangulia mlangoni. Mkunga wetu, Mama Semeni, anasema mtoto amekaa vizuri. Hata hivyo mganga wa zahanati anataka ajifungulie hospitali Kigoma kwa sababu ya yaliyopita.

Tumeweza. Mimi nilishika koleo, Bibiana alishika barua yako na kunitajia rangi. Kazi ya siku mbili. Siku ya Saba Saba nilikaa mbele kabisa ya mashua na mikono nimeikunja kifuani, watu wote ufukweni wakiona, na Juhudi ikaenda moja kwa moja kusini mpaka kwenye mwamba wa korongo na kurudi. Wageni walipiga makofi. Gervasi alihutubia nusu saa, akasema mashine imekombolewa kutoka kwa ukoloni. Bubu hakujibu.

Tangu hapo tumekwenda Kigoma na kurudi mara moja, Bibiana akiwa nami. Nilikaa tu nikasikiliza. Gurudumu linajigeuza lenyewe, kidogo kushoto, kidogo kulia. Lukas, hujui umenipa nini. Sikudhani mwaka huu ningekuwa bado majini. Mtu aliyeishi ziwani tangu ana miaka tisa, ukimwambia akae nyumbani amenye mihogo, umemzika.

Usinijibu juu ya maneno hayo. Bibiana sasa amekataa kuandika mpaka nimwambie kuwa nimemaliza. Basi nimemaliza.

Filemoni

* * *

Mkuyuni
17 Agosti 1975

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii anaichukua Padre, anayepita na boti yake. Nyikani wanachoma moto, moshi umejaa ziwani, ng'ambo haionekani wala milima ya kwetu. Kila mtu anakohoa. Bibiana ana homa lakini anaandika hivyo hivyo.

Habari kubwa ni kwamba tumepata majembe. Mapya, arobaini, mazito, yana mafuta bado. Niliyaleta mwenyewe kutoka Kigoma juzi. Gervasi hataki yagawiwe mpaka mgeni wa mkoa aje kuzindua shamba la kijiji, na stoo yetu bado haina mlango. Akaniuliza mahali penye kufuli ni wapi. Nikamwambia kufuli kijiji kizima ni moja tu, la kiti changu cha nyuma. Basi yamo humo, tumeyapanga vizuri kukizunguka kile kisanduku chako cheusi, na chenyewe tumekifunga gunia kisikwaruzwe. Uso wa dira uko mbali, sikuruhusu hata kisu kiusogelee, hilo nalijua.

Siku tulipoyaleta Bubu alisitasita kidogo. Bibiana alimrudisha njiani kwa mkono mara mbili. Nadhani ni upepo wa kusini, ulikuwa mkali.

Rozalia nitampeleka Kigoma mwenyewe, Jumatano tarehe 10 Septemba. Kwa kuwa Bibiana anaumwa, Juhudi haitatoka tena mpaka siku hiyo. Tutaondoka alfajiri, saa nane mchana tutakuwa tumefika. Mama Semeni atakuwepo, na Bonifasi. Bibiana akiwa hajapona atabaki. Usiwe na wasiwasi. Nikishampa Bubu kaskazini, hata moshi uwe mzito namna gani, yeye anafika.

Filemoni

* * *

Dar es Salaam
Jumatatu, 8 Septemba 1975

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti nimeipata leo saa nne asubuhi. Nimetoka kazini bila ruhusa nikakimbilia posta. Nimepeleka simu hii kwa jina lako, Posta Kigoma:

USISAFIRI. TOA MAJEMBE YOTE KITI CHA NYUMA. DIRA INADANGANYWA NA CHUMA. LUKAS

Karani ameniuliza Mkuyuni inapelekewaje barua. Nikamwambia, na nilipokuwa namwambia nikasikia mwenyewe ninachosema. Barua za Mkuyuni zinasubiri Kigoma mpaka Juhudi ije kuzichukua.

Nikamwomba ampigie Padre. Padre yuko Tabora. Nikaomba polisi. Amesema hawana boti, ataandika taarifa.

Mjomba, ule uso wenye mshale siyo dira. Ni saa tu ya kusomea. Dira yenyewe, inayohisi kaskazini, ni kile kisanduku cheusi. Kitabu kinasema chuma kikae hatua mbili mbali nacho. Ninyi mmekizungushia majembe arobaini. Kwenda kusini pengine Bubu hataonyesha kosa, lakini kwenda kaskazini atapotea, na atapotea kwa upole bila kutikisika, mashua ikienda vizuri kabisa. Mwenye kuona pwani au jua atagundua. Kwa hiyo naomba, kama barua hii itakukuta hujaondoka, au kama kwa namna yoyote

Nimekaa na karatasi hii saa nzima. Itafika Kigoma keshokutwa kwa treni, siku mnayosafiri. Naiandika kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Lukas

* * *

Ujiji, kwa Leodgar fundi cherehani
21 Septemba 1975

Mpwa wangu Lukas,

Tumsifu Yesu Kristo. Rozalia yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Alilala hospitali siku sita, sasa tuko naye hapa Ujiji kwa Leodgar, na Bibiana amekuja kutuuguza sote. Anakula.

Mtoto hatunaye. Alikuwa msichana.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, na Bibiana nimemwapisha aandike kila neno.

Tuliondoka alfajiri. Moshi ulikuwa mzito, Mama Semeni alisema haoni hata mitumbwi ya jirani. Nikampa Bubu kaskazini, nikakaa. Upepo ulikuwa mzuri nyuma yetu. Kwenye saa tatu nikahisi jua. Lukas, mtu akienda kaskazini asubuhi, jua linampiga shavu la kulia. Mimi lilinipiga mgongoni, huku bega la kulia likipata moto. Ngozi yangu iliniambia tunakwenda kaskazini magharibi, tunaingia katikati ya ziwa. Nikafikiri ngozi imezeeka na mashine ni mpya. Nikamwamini Bubu.

Rozalia aliliona. Ameniambia baadaye kwamba aliona kivuli cha mlingoti kimelala mahali kisipostahili, akakitazama asubuhi yote. Hakusema. Mimi ni mjomba wa mumewe, na mimi ndiye nahodha. Angeanzaje? Bonifasi alikuwa amelala kifudifudi na ndoo yake. Mama Semeni alikuwa anasali rozari yake ya Kiislamu, macho yamefumbwa.

Kwenye saa saba uchungu ukamshika. Akavumilia, halafu akauliza, "Mjomba, bado sana?"

Nikamwambia tumekaribia, atazame milima upande wa kulia.

Akasema, "Mjomba, hakuna milima. Ni maji pande zote."

Nikamwuliza kama moshi ndio unaoficha. Akasema moshi umeachana kitambo, ziwa linaonekana mbali sana, ni jeupe. Kisha akasema taratibu, kwa adabu ile ile, "Kwani wewe hulioni?"

Nikasema, "Silioni, mwanangu. Sioni kitu tangu Pasaka."

Hilo ndilo nililokuficha. Lilianza mwaka jana kama ukungu, likafunga. Bibiana alijua yote, Rozalia alijua tu kwamba macho yamefifia, nikawakataza wasikuambie. Nikikuambia wewe utamwambia Gervasi, na Gervasi atanipa kazi ya kulinda stoo isiyo na mlango. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa maji.

Nilimzima Bubu. Nikamwamsha Bonifasi, nikamwekea mikono kwenye gurudumu, Mama Semeni akawa ananitajia kivuli kiko wapi, nikageuza tuelekee mashariki. Lakini upepo ulikuwa umelala. Mtoto alizaliwa kwenye saa kumi. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Alilia mara moja, sauti ndogo. Rozalia akaniambia nimbatize. Nilichota maji ya ziwa kwa kiganja nikamtafuta kichwa kwa vidole, nikamwita Margareta, jina la mama yako. Alikaa nasi mpaka jua liliponitoka usoni.

Tulifika Ujiji asubuhi ya pili. Posta wakanisomea simu yako. Yule karani aliisoma kwa sauti kubwa, mara mbili, kwa kuwa nilimwomba arudie.

Majembe nilidhani hayana neno kwa sababu uso wa dira ulikuwa mbali. Chuma na dira nayajua tangu utoto, sikujua tu kuwa dira imefichwa kwenye kisanduku, mpaka Bibiana aliponisomea barua yako ya tarehe nane. Kosa ni langu. Nahodha kipofu amewapakia watu. Nimekwisha kumwambia Gervasi na nimemrudishia ufunguo.

Rozalia ameuliza neno moja tu tangu atoke hospitali. Ameuliza kama wewe ulijua habari ya chuma kabla ya siku ile uliyopeleka simu. Nikamjibu hapana, Lukas angejua angetuambia. Naomba uniandikie hivyo kwa mkono wako ili asomewe.

Filemoni

* * *

Dar es Salaam
5 Oktoba 1975

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepata barua yako jana jioni. Wenzangu wa chumbani wameniachia kitanda kimoja peke yangu na hawajaniuliza kitu.

Siwezi kukuandikia ulivyoniomba.

Habari ya chuma iko kwenye ukurasa wa kumi na nne, mistari minne, kwa herufi nene. Ukurasa wa kumi na tano una mchoro wa kisanduku na chuma kikiwa mbali nacho. Niliusoma tarehe saba Juni. Nilielewa kila neno. Nikaona mimi, uliyenilipia ada mpaka darasa la kumi na mbili, nitakuandikiaje wewe kwamba chuma kinaharibu dira. Niliona utacheka, au utasema kijana wa Dar ameanza kunifundisha ziwa. Nikajiona mtu mwenye adabu sana. Kumbe wewe ulijua chuma na mimi nilijua kisanduku, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Na macho yako nilikuwa nimeyashuku tangu ile barua yako ya kwanza, yenye mistari iliyokanyagana. Nilipoandika ujaribu mashine wakati milima inaonekana, nilikuwa nauliza. Sikuthubutu kuuliza zaidi ya hapo. Kwa hiyo kosa hilo usilibebe peke yako, Mjomba. Ulikuwa umenificha jambo nililokwisha kulijua.

Niliwaza kukuandikia kuwa sikujua. Nimeandika barua hiyo pia, iko hapa mezani. Mngeniamini nyote wawili. Ningekuja, tungezaa mtoto mwingine, na kila mara angenitazama ningehesabu mistari ile minne.

Bibiana, dada yangu, najua ndiwe unayesoma. Mpe Rozalia barua hii aisome mwenyewe kwa macho yake.

Nimeomba likizo wamenipa. Barua hii inaondoka na treni ya kesho Jumatatu, mimi nitapanda ya Alhamisi. Ningeweza kupanda ya kesho. Nimeitanguliza makusudi, Rozalia ayasikie haya nikiwa bado njiani, ili nitakapofika awe ameshaamua kama atanifungulia mlango.

Lukas